Shajara ya seva ya maji: nani amesema tumepokea?

Jumamosi, 7 Machi

Mama mhasibu wa kamati ya maji alinipigia juzi. Baada ya shikamoo na marahaba hakuzunguka: "Mwanangu, kuna mama wa kilula cha shuleni kalipa elfu tano tangu Jumatatu. Ujumbe wa simu anao, nimeuona kwa macho yangu. Kwako hayumo."

Nimekagua. Kampuni ya katikati inayotupitishia malipo ya simu ina kumbukumbu kwamba ilituma taarifa ya muamala ule kwenye seva yetu, yaani programu inayopokea taarifa za malipo ya maji, na kwamba seva ilijibu 200. Kwa lugha ya mashine, 200 ni "sawa, nimepokea". Kwenye kanzidata, yaani daftari la miamala la mashine, hakuna kitu. Kwa hiyo kosa si la kampuni, si la mama wa kilula. Ni langu: tulisema tumepokea, na hatukupokea.

Nilipofungua programu yenyewe nilijionea aibu. Niliiandika mwaka jana mbiombio. Inajibu kwanza, kisha inaweka taarifa kwenye kumbukumbu ya muda, kisha kila baada ya dakika moja inaandika zote kwenye diski kwa mkupuo. Wakati ule niliona ni ujanja, diski inapumzika. Jumatatu umeme ulikatika jioni. Chochote kilichoingia ndani ya dakika ile kilizimika na kompyuta.

Nimeamua kuandika nyingine kuanzia chini kabisa, kwa lugha ya C, bila kutumia maktaba ya programu za watu inayonifichia kinachoendelea. Najua ziko seva nzuri za bure na mwisho wa safari huenda nikarudi kwao. Ila nataka kuona kwa macho kila hatua ambayo ombi linapitia kutoka kwenye waya hadi kwenye diski, na kila mahali linapoweza kudondoka. Ya zamani inaendelea na kazi kwa sasa, isipokuwa nimeondoa ule ujanja wa dakika moja.

Jumapili, 8 Machi

Programu ya kwanza ina mistari kama 40. Hatua zake ni za kawaida: fungua soketi (mlango wa programu kwenye mtandao), ifungamanishe na poti 8080 (namba ya mlango huo) kwa bind, ita listen (anza kusikiliza), kisha zunguka: accept (pokea mteja), read (soma), write (jibu), close (funga).

Kabla sijaendelea nilitaka kujua jambo moja: ombi likifika wakati programu yangu iko bize, linakuwa wapi? Nikaweka usingizi wa sekunde 60 kati ya listen na accept. Yaani programu imefungua mlango, kisha imelala. Kwenye listen nikaweka foleni ya 2.

Dirisha la kwanza nikaita curl, programu ya kutuma maombi ya wavuti. Ikasema imeunganishwa, papo hapo. Ombi likatumwa lote. Programu yangu bado imelala fofofo! Dirisha la pili, vivyo hivyo. La tatu, vivyo hivyo. Nikauliza mfumo kwa amri ya ss -ltn, ukanionyesha hivi:

LISTEN 3 2 0.0.0.0:8080

Namba ya kwanza ni miunganisho iliyo kwenye foleni ikisubiri kuitwa, ya pili ni kikomo nilichoomba. Tatu ndani ya foleni ya mbili! Nilidhani nimesoma vibaya, lakini Linux, mfumo endeshi wa kompyuta yangu, ndivyo inavyohesabu: foleni inahesabiwa imejaa pale tu idadi inapozidi kikomo, basi mmoja wa ziada hupita.

Hapa ndipo nilipokumbuka madumu ya kilulani. Alfajiri ukipita pale utakuta madumu yamejipanga mstari, ya njano na ya bluu, na wenyewe wako chini ya mwarobaini wanapiga soga. Dumu likishawekwa, nafasi yako ipo, hata kama mwenye ufunguo wa bomba bado hajaamka. Anayeyapanga madumu si programu yangu, ni kerneli, kiini cha mfumo wa Linux. Yenyewe ndiyo inayopokeana salamu tatu za TCP (kanuni za kusafirisha data mtandaoni) na mteja, yenyewe ndiyo inayothibitisha baiti (vipande vidogo vya data) zilizofika, na programu haina habari yoyote. Mteja akiambiwa "umeunganishwa" ajue kwamba dumu lake limepangwa, basi. Maji ni suala lingine.

Dirisha la nne lilikwama. Nikawasha tcpdump, programu inayoonyesha data zinazopita kwenye waya, nione linafanya nini: linabisha hodi, likinyimwa jibu linasubiri sekunde 1 linabisha tena, kisha sekunde 2, kisha 4. Foleni ilikuwa imejaa, na kerneli haikumfukuza, ilimpuuza tu kimya kimya ili ajaribu baadaye. Sasa naelewa kwa nini seva iliyozidiwa humfanya mtu aone kurasa zinachelewa sekunde nzima, au tatu, au saba, badala ya kuchelewa kidogo kidogo.

Kikomo cha juu cha foleni hiyo kinasimamiwa na mpangilio wa somaxconn. Zamani kilikuwa 128, tangu Linux 5.4 ya mwaka 2019 ni 4096. Nimeacha ulivyo. Kijiji chetu hakitaujaza hata siku ya mwisho wa mwezi.

Jumatano, 11 Machi

Siku mbili zimeliwa na kitu kimoja: kusoma.

Nilianza kwa kuita read mara moja na kudhani nimepata ombi zima. Kwenye majaribio ya kompyuta moja ilifanya kazi kila mara. Nilipotuma kutoka kwenye simu, kwa mtandao wa kawaida, ombi lilifika vipande viwili: vichwa (maelezo ya mwanzo) kwanza, mwili (data zenyewe) baadaye. Mara nyingine vipande vitatu. TCP haina habari na "ombi". Bomba halitoi ndoo, linatoa maji. Anayejua ndoo imejaa ni wewe uliyeishika.

Kwenye HTTP, lugha ya maombi ya wavuti, alama za ndoo ni mbili. Vichwa vinaisha pale unapokuta mstari mtupu, yaani baiti nne mfululizo: CR, LF, CR, LF (alama za mwisho wa mstari, mara mbili). Mwili unaisha baada ya idadi ya baiti iliyotajwa kwenye kichwa cha Content-Length. Kwa hiyo unasoma, unaweka kwenye kapu, unatafuta zile baiti nne, ukizipata unasoma urefu, unaendelea kusoma hadi ukamilike. Kilichozidi usikitupe, ni mwanzo wa ombi linalofuata kwenye muunganisho uleule.

Nikaandika hivyo, ikakubali. Jana usiku ikaanza kukataa baadhi ya maombi, si yote. Muundo wa ajabu: ombi moja linashindwa kwa sababu JSON yake (maandishi ya data yanayofungwa kwa mabano) haijafungwa, na linalofuata, ambalo halina kosa lolote, linakataliwa kwa 400, yaani "ombi lina kasoro". Baada ya hapo kimya, mambo sawa, kisha tena jozi nyingine inaanguka.

Nilizunguka hadi saa saba usiku nikilaumu kapu langu. Kumbe tatizo lilikuwa kwenye jina la kitongoji. Nilikuwa nimeweka data za majaribio zenye vituo vinne, na kimojawapo ni Ng’ambo. Jina hilo nililiandika kwenye simu, na simu kwa wema wake ikageuza kitone cha ng’ kilichonyooka kuwa kile kilichopinda. Kilichonyooka ni baiti 1. Kilichopinda, kwa UTF-8 (mfumo wa kuandika herufi kwa baiti), ni baiti 3. Programu yangu ya kutuma, niliyoiandika kwa lugha ya Python, ilikuwa inahesabu herufi badala ya baiti. Basi ikatangaza urefu pungufu kwa 2.

Seva ikafanya kama ilivyoambiwa. Ikasoma urefu uliotangazwa, ikaacha baiti mbili za mwisho, yaani alama ya kufunga nukuu na mabano ya kufunga. JSON ikabaki wazi. Zile baiti mbili hazikupotea, zilibaki kapuni, na ombi lililofuata likabandikwa nyuma yake. Badala ya kuanza na neno POST (kitenzi cha kutuma data), likaanza hivi:

"}POST /malipo HTTP/1.1

Seva haijui kitenzi kinachoitwa hivyo, ikakataa. Ombi lisilo na hatia limeadhibiwa kwa sababu ya jirani yake kwenye foleni. Kiswahili karibu chote kinaandikika kwa herufi za baiti moja, ndiyo maana kosa la namna hii linaweza kujificha miaka na miaka, hadi siku mtu wa Ng’ambo atakapolipia maji.

Nimerekebisha mtumaji. Kwenye seva nimeongeza sheria: ombi likiwa na kasoro ya muundo, jibu 400 kisha funga muunganisho. Usijaribu kuokota kilichobaki.

Ijumaa, 13 Machi

Leo kidogo tu. Kila nikizima seva na kuiwasha tena inagoma: anwani inatumika. Si kwamba kuna programu nyingine. Ni miunganisho ya zamani inayosubiri kwenye hali ya TIME_WAIT, sekunde 60 kwenye Linux, ili pakiti zilizochelewa njiani zisije zikaingia kwenye muunganisho mpya. Dawa ni SO_REUSEADDR, mpangilio unaoruhusu anwani itumike tena, kabla ya bind. Mstari mmoja.

Jumamosi, 14 Machi

Nimeiua seva yangu kwa kunyamaza. Nilifungua muunganisho kwa nc, programu ya kufungua muunganisho mtupu, sikuandika herufi hata moja, nikaenda kunywa chai. Niliporudi, maombi yote mengine yalikuwa yamesimama. Bila shaka: programu inamhudumia mmoja mmoja, na huyu wa kwanza ameshika bomba lakini hana ndoo.

Tatizo hili lina historia yake. Mwaka 1999 mhandisi wa programu Dan Kegel aliuliza kwa maandishi kwa nini seva moja isiweze kuhudumia wateja 10,000 kwa wakati mmoja, ilhali mashine za siku zile zilikuwa na uwezo huo. Kumpa kila mteja mchakato wake kulikuwa kunakula kumbukumbu, na kuuliza soketi zote moja baada ya nyingine "wewe una kitu? wewe je?" kulikuwa kunakula muda. Linux ikaja na epoll mwaka 2002: unaikabidhi kerneli orodha ya soketi, kisha yenyewe inakuamsha na kukutajia zile tu zenye jambo. Mhandisi Igor Sysoev akaitoa nginx, seva ya wavuti ya bure, kwa umma mwaka 2004 ikiwa imejengwa juu ya wazo hilo. Upande wa pili, mwaka 2009 mtaalamu wa usalama wa kompyuta Robert Hansen alitoa Slowloris, programu inayofanya kwa makusudi nilichofanya mimi kwa chai: inafungua miunganisho mingi na kudondosha vichwa kidogo kidogo bila kuvimaliza.

Nusu ya siku nilikuwa naandika epoll. Tamu sana kuandika. Kisha nikajiuliza, kwa ajili ya nani? Tuna vilula vinne na nyumba zisizofika 400. Nimeifuta. Mpangilio utakuwa hivi: kwenye mashine ndogo ya kukodi yenye anwani ya kudumu nimeweka nginx, ndiyo inayokutana na dunia, inafungua usimbaji wa TLS (unaoficha data njiani) na kuwavumilia wateja goigoi. Kwa kawaida nginx husubiri mwili wote wa ombi ukamilike ndipo iupeleke nyuma, kwa hiyo wa polepole anamsumbua yeye, si mimi. Nyuma yake, kwenye ile kompyuta mpakato kuukuu iliyoko ofisi ya kamati, ndipo seva yangu ilipo, na nyuzi nne za kufanya kazi, yaani wahudumu wanne kwa wakati mmoja. Kila muunganisho una sekunde 10 za kusema jambo, la sivyo unafungwa.

Jumanne, 17 Machi

Siku niliyokuwa naingoja. Swali la mama wa kilula: lini tuna haki ya kusema tumepokea?

Nimehesabu mahali panne ambapo mtu anaweza kusema "imefika" kwenye njia hii, na kila mmoja anamaanisha kitu chake. Kerneli inathibitisha baiti, lakini programu haijaziona. Programu inasoma, lakini ziko kwenye kumbukumbu ya muda. Programu inaita write kwenye faili na inajibiwa sawa, lakini data ziko kwenye akiba ya kerneli, hazijagusa diski. Programu inaita fdatasync, na hiyo hairudi hadi diski yenyewe ikubali.

Ile ya tatu ndiyo inayodanganya watu, na mimi nilikuwa mmoja wao. Nikaijaribu. Betri ya mpakato huu ilishakufa zamani, kwa hiyo kuchomoa waya ni sawasawa na kukatika kwa umeme. Kutoka kompyuta nyingine nikatuma taarifa 20, moja kila sekunde. Seva ikaandika kila moja kwa write, ikajibu 200. Nikafungua faili kwa cat, mistari 20 yote ninaiona, namba kwa namba. Nikachomoa waya.

Ilipowaka tena, faili lilikuwa na mistari ya jana tu. Ishirini zote hazipo. Upande wa mtumaji kumbukumbu inasema 200, 200, 200, mara ishirini. Nilijua kwa nadharia kwamba kerneli inaweza kukaa na data hadi sekunde 30 na ushee kabla haijazimwaga kwenye diski. Lakini kuona mistari uliyoisoma ikiwa haipo tena kunakaa moyoni kuliko nadharia.

Nikarudia na fdatasync kabla ya jibu. Nikachomoa. Zote 20 zipo. Gharama: jibu lililokuwa linatoka chini ya milisekunde 1 sasa linachukua kama 30, maana diski hii ni ya kuzunguka. Milisekunde 30! Mtu analipia maji ya wiki nzima.

Kisha nikahamia SQLite, programu ya kanzidata, na hapo nusura nianguke tena. Nilikuwa nimenakili mipangilio ya seva ya zamani: WAL (mabadiliko yanaandikwa kwanza kwenye logi ya pembeni) pamoja na synchronous (lini isubiri diski) ya NORMAL. Mpangilio huo hauharibu kanzidata umeme ukikatika, ila unaweza kupoteza miamala ya mwisho kabisa, ile ambayo tumeshaijibu. Nimeweka FULL, inayosubiri diski kwa kila muamala. Ndivyo ilivyo sasa: soma ombi lote, kagua, andika, funga muamala kwenye kanzidata, ndipo 200 itoke.

Alhamisi, 19 Machi

Kumetokea swali jipya, na ni mtoto wa jibu la juzi. Umeme ukikatika baada ya kuandika lakini kabla ya kujibu, je? Kwetu muamala upo. Mtumaji hajasikia kitu, atatuma tena. Tukiandika tena, mama wa kilula atahesabiwa elfu kumi.

Hakuna mpangilio wa hatua unaoondoa pengo hili. Ukijibu kwanza unaweza kupoteza. Ukiandika kwanza unaweza kupokea mara mbili. Nimechagua kupokea mara mbili, kwa sababu hilo ninaweza kulitambua. Namba ya kumbukumbu ya muamala imekuwa ufunguo mkuu wa jedwali, yaani haiwezi kujirudia, na kuandika ni INSERT (ingiza) yenye ON CONFLICT DO NOTHING (ikiwapo tayari, usifanye kitu). Ikija mara ya pili, haiingii.

Kosa la asubuhi: iliyorudiwa nilikuwa naijibu 409, yaani kuna mgongano. Nilijiona mkweli. Mtumaji wangu wa majaribio, kama watumaji wengi wa taarifa za malipo, anarudia kila akikosa jibu la mia mbili na kitu, basi akaendelea kunitumia muamala uleule asubuhi nzima. Alichotaka kujua ni kama ninao, na ninao. Sasa iliyorudiwa inajibiwa 200 kama ya kwanza.

Isipokuwa pale namba ni ileile na kiasi ni tofauti. Hiyo si marudio, hiyo ni kesi. Inaandikwa kwenye jedwali la pembeni na mama mhasibu anapata ujumbe. Sitaki programu iamue fedha ya mtu.

Jumamosi, 21 Machi

Tumehamia seva mpya saa tatu asubuhi, ofisini kwa kamati. Mama mhasibu alikuwa amekuja na orodha ya miamala kutoka kwa kampuni, tukailinganisha na kanzidata ya zamani mstari kwa mstari, yeye akisoma, mimi nikitafuta. Zilikosekana 7. Nne zilikuwa za jioni moja. Tumeziingiza zote, ya mama wa shuleni ikiwa ya kwanza.

Akaniuliza nimebadilisha nini wiki mbili zote hizi. Nikamweleza kwa kirefu, kerneli, akiba, diski, nikifika kwenye sehemu ya kuandika kabla ya kujibu akanyanyua kitabu chake cha risiti, kile cha karatasi ya kaboni katikati.

"Mimi hapa sichani risiti kabla sijaona kama kaboni imeshika. Kwani wewe ulikuwa unafanyaje?"

"Nilikuwa nachana kwanza, mama."

Akanitazama. Kisha akarudi kwenye orodha: "Soma ya kumi na nne."

Jumatatu, 23 Machi

Umeme ulikatika jana saa mbili kasoro usiku, ukarudi baada ya kama dakika 20. Sikuwa nimepanga jaribio hili, limekuja lenyewe.

Kwenye mashine ya kukodi nginx ilibaki hewani, na kwa kuwa mpakato haukuitika, iliwajibu watumaji 504, yaani "wa nyuma hakujibu kwa wakati". Ndivyo nilivyotaka: wa mbele asiseme "tumepokea" kwa niaba ya wa nyuma aliyezimika. Taarifa tatu ziligonga mwamba kipindi hicho. Umeme uliporudi, kampuni ilizituma tena zote tatu ndani ya dakika chache. Mbili ziliingia kama mpya. Ya tatu seva iliikuta: iliandikwa punde tu kabla ya giza, jibu likakatikia njiani. Logi yake ni fupi: "imeshakuwapo, 200".

Kilichobaki: nakala ya kanzidata kwenye mashine nyingine kila usiku, maana fdatasync haisaidii diski yenyewe ikifa, na diski hii ina kelele ambazo sizipendi. Kamati imekubali kununua betri mpya ya mpakato. Nimewaambia wainunue, ila seva nitaendelea kuijaribu nikiwa nimeichomoa.